Kipofu wa Yeriko na Sisi Walimu

Twamjua Bartimayo, kipofu mwombaji wa njia ya Yeriko, katika Injili ya Marko, sura ya 10. Alipopaza sauti, watu walimzuia, wakataka anyamaze. Tuangalie vema: hao ndio waliofuatana na Bwana! Naye Bwana akasimama, akamwuliza haja yake, ingawa upofu wake ulikuwa dhahiri kwa wote.

Sisi walimu tumo katika mkutano ule. Mama mmoja mzee alitujia mara tatu wakati wa mafundisho. Tukamwambia, Ngoja kwanza, mama. Mara ya nne hakuja. Tulipomwendea nyumbani, alisema hakutaka msaada, ila mtu wa kumsimulia habari za marehemu mwanawe. Tukaketi mkekani hata jua likachwa.