Anayejikojolea Baada ya Pombe Aulizwe, Asichekwe

Huku Masisi na Walikale liko jambo linalochekwa barabarani na kufichwa nyumbani: mtu mzima kujikojolea usiku baada ya kunywa. Mchimbaji wa koltani Rubaya au wa kasiterite Bisie amelipwa, amekunywa kasiksi, pombe ya ndizi, akamalizia na kanyanga, pombe kali. Kesho yake mkewe anaanika godoro nyuma ya nyumba, na majirani wameshampa mume jina. Mimi nasema kicheko hicho kinatugharimu afya, maana kinamfunga mdomo mtu aliyepaswa kuulizwa maswali.

Tuanze na mwili. Ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini, inayoziamuru figo zibakize maji mwilini. Pombe huizuia. Mwaka 1942, huko Uingereza, mtafiti Grace Eggleton alipima akakuta kila gramu ya pombe huleta takriban mililita 10 za mkojo wa ziada. Sasa piga hesabu: chupa mbili kubwa za bia, za sentilita 72 kila moja, ni karibu lita moja na nusu, bila ya hiyo ziada, na kibofu cha mtu mzima hubeba kama nusu lita tu. Kikijaa, ubongo humwamsha mwenye nacho, lakini ubongo uliozama katika pombe hausikii. Kwetu vita vimeongeza tatizo: mahali bunduki zinapolia, au katika kambi ambako choo kiko mbali, mtu huogopa kutoka gizani, akalala na mkojo wake.

Wapo watakaonijibu kwamba aibu ndiyo breki ya mlevi, tukiiondoa atakunywa zaidi. Hofu yao naielewa. Pombe imevunja nyumba nyingi, na mke anayefua mashuka kila juma ana haki ya kukasirika. Lakini tazameni aibu inafanya nini hasa. Anayechekwa haachi chupa, anaacha kumwambia muuguzi. Wengine husema kukojoa sana ni dawa, bia inasafisha figo. Hapana. Maji yanayotoka ni ya mwili wenyewe, ndiyo sababu asubuhi kinywa kimekauka na kichwa kinagonga. Kinachosaidia ni kupunguza pombe, kumaliza kunywa mapema jioni, na kwenda chooni kabla ya kulala. Ila anayekunywa kila siku kwa miaka asiache ghafla peke yake: anaweza kutetemeka na kupata degedege, kwa hiyo aende kwanza kituo cha afya.

Na maswali yenyewe ni haya. Je, ulimi umeumwa na mwili mzima unauma? Huenda usiku alipata kifafa, na kilevi kikasingiziwa. Je, tumbo la chini linauma sana na mkojo hautoki? Kibofu kilichojaa mno kwa mlevi kinaweza kupasuka, jambo la nadra lakini la kuua; huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Je, analowa hata siku asiyokunywa? Hapo huenda ni sukari, maambukizi ya njia ya mkojo, au tezi dume kwa baba mwenye umri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kicheko hicho hakichagui. Mama aliyeshindwa kujifungua kwa siku mbili, au aliyebakwa na wenye silaha, anaweza kubaki na fistula: tundu linalovujisha mkojo mchana na usiku, bila kuonja hata tone la pombe. Naye ananyooshewa kidole na kuambiwa ananuka. Fistula inashonwa: hospitali ya HEAL Africa mjini Goma na ile ya Panzi mjini Bukavu zimefanya kazi hiyo miaka mingi. Kutoka Walikale hadi huko njia ni ndefu, mbovu, na mara nyingine imefungwa na vita, kwa hiyo barua ya rufaa iombwe mapema, na mama huyo asindikizwe na watu wa nyumbani kwake.