Kiti cha mwanafunzi kisiwe pambo



Kwa miaka mingi viranja waliteuliwa na walimu, na mwanafunzi mwenye lalama hakujua pa kuipeleka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ilimpa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti katika Bodi ya Usimamizi ya shule ya umma. Shule za kimataifa zinaweza kufuata mfano huo. Lalama ya chakula au bweni ikisikizwa mapema, si rahisi igeuke mgomo.

Lakini kiti hicho kina maana ikiwa mwakilishi amechaguliwa na wenzake kwa kura ya siri, na akitoka mkutanoni anawaeleza kilichoamuliwa.

Klabu nazo si mchezo. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi mwaka wa 1968. Hapa Nakuru kuna ziwa ambalo mwaka wa 1990 lilikuwa la kwanza nchini kuorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar. Anayehesabu ndege pale anajifunza sayansi. Mweka hazina wa klabu anajifunza kutunza pesa za watu angali mdogo.

Walimu wakuu, saa ya klabu isimezwe na masomo ya ziada. Wazazi, mtoto akija likizoni msimuulize alama pekee. Mwulizeni yumo katika kamati gani, na amefanya nini humo.