Maneno ya Kupimia Hoja

(Hotuba ya walimu katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi)



Awali ya yote tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Tangu kambi yetu ya Dzaleka ilipofunguliwa mwaka 1994, wamekutana hapa watu wa Rwanda, Burundi, Kongo na kwingineko, na Kiswahili kimekuwa daraja letu. Leo tunaomba kusema juu ya kazi moja ya lugha hii, nayo ni kuitambua hoja mbovu kabla haijatuumiza.

Tuanze na maneno yenyewe. Dai ni jambo ambalo msemaji anataka tulikubali. Ushahidi ni kile kinacholithibitisha. Dai na ushahidi vikishikana, hapo pana hoja. Dai likizunguka bila mwenyewe huitwa uvumi. Likitungwa makusudi ni uzushi. Likikuzwa, tunasema limetiwa chumvi. Na maneno ya kweli yakipangwa ili msikilizaji aelewe vibaya, huo ni upotoshaji. Huo ndio wa kuogopwa zaidi, maana ukitafuta uongo ndani yake huuoni.

Ubovu wa kwanza ni kujumlisha. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ndani ya tenga ni kweli, kwa sababu uozo huambukiza. Lakini watu si samaki. Kijana mmoja akiiba kuku, kabila lake halikuiba. Vivyo hivyo wasemao kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Wamesema kweli juu ya nyoka tu.

Mwisho wa hoja za namna hiyo unajulikana. Redio RTLM ilianza kutangaza Rwanda mwaka 1993, na katika matangazo yake Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Hilo halikuwa tusi tu, bali hoja iliyofichwa ndani ya neno moja. Mende haulizwi amefanya nini. Hupondwa kwa kuwa ni mende. Mwaka 1994 watu waliuawa hivyo, pamoja na watoto wachanga ambao hawakuwa wamemkosea yeyote. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo mwaka 2003, na hata baada ya rufaa mwaka 2007 hatia ya uchochezi ilibaki.

Ubovu wa pili ni kudhani kwamba kilichotangulia ndicho kilicholeta kilichofuata. Mtu husema: "Juzi wametia dawa kwenye maji, jana mtoto ameharisha, basi ni dawa." Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, lakini si yeye anayelivuta jua. Tuulize: waliokunywa maji yale yale wote wameharisha? Mtoto alikula nini? Ndoo ilifunikwa? Klorini huua vijidudu vya kipindupindu. Huko Goma, Julai 1994, kipindupindu kiliua wakimbizi kwa maelfu katika wiki chache, na maji machafu yalikuwa njia yake kubwa. Anayeacha maji yenye dawa akachota ya mtoni kwa sababu ya hoja mbovu, anamhatarisha mtoto wake.

Ubovu wa tatu ni kumpiga msemaji badala ya kuijibu hoja. Mama anauliza mkutanoni juu ya hesabu ya sabuni, anajibiwa: "Wewe umefika juzi tu, unajua nini?" Tarehe ya kufika kwake haijibu swali la sabuni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ubovu wa nne ni kutegemea wingi. Tunaambiwa lisemwalo lipo, na tena wengi wape. Methali hii ya pili inafaa kwenye kura, haifai kwenye kutafuta ukweli. Watu mia wakirudia neno walilolisikia kwa mtu mmoja, shahidi bado ni mmoja.

Ndugu zetu, maneno haya nayo yasigeuzwe rungu. Kiongozi akiulizwa jambo zito akasema, "Huo ni uvumi tu," bado hajajibu. Kuliita jambo uvumi nalo ni dai, na linahitaji ushahidi wake.

Kwa hiyo tunaomba kwamba katika kila mkutano, kila mstari wa maji na kila nyumba, neno zito likiletwa tuulize maswali matatu: Nani ameona? Tumejuaje? Je, haiwezekani pana sababu nyingine? Watoto wenu tunawafundisha kuuliza hivyo darasani. Wakiwauliza nyumbani, wazazi, msiwaone watovu wa adabu. Wajibuni.