Dai la Nane: Mhadhara wa Umma, Tandahimba



Hapa kwetu mtu akitaka kujua ukubwa wa shamba lako anakuuliza una mikorosho mingapi. Chako ni ulichopanda. Pori lililobaki halihesabiki. Kwa hesabu hiyo naomba tumsikilize fundi wa umeme aliyekataliwa dai lake la hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Tuanze na mfano wa zamani.

Mwaka 1840 Samuel Morse alipata hataza ya telegrafu nchini Marekani. Ilipotolewa upya mwaka 1848 ilikuwa na madai manane. Saba yalieleza mtambo wake na alama zake. La nane lilikuwa pori zima: kila matumizi ya nguvu ya umeme kuandika alama kwa mbali yawe yake, kwa mtambo wowote ule. Mwaka 1854, katika kesi yake na mshindani, Mahakama ya Juu ya huko ilikubali yale saba, ikalitupa la nane. Hoja ya Jaji Mkuu Taney ilikuwa hii: kesho atatokea mwingine, ataandika kwa mbali kwa njia rahisi na nafuu zaidi, bila kugusa mtambo wa Morse. Huyo aombe ruhusa ya nini?

Mwaka 1888 dai la tano la hataza ya simu ya Alexander Graham Bell lilipigwa kwa rungu hilohilo, lakini likasimama. Bell alikuwa ameeleza namna: mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kwa kufuata mawimbi ya sauti hewani.

Sasa tuchukue mfano wa kijana wa hapa aliyeunda mashine ya umeme ya kupika korosho kwa mvuke kabla ya kubangua. Akidai "kupika korosho kwa umeme", atakataliwa, na kwa haki. Asijibu kwa kulalamika kwamba mtu wa kijijini hathaminiwi. Asome barua ya kukataliwa: mchunguzi wa hataza ametaja kifaa gani cha zamani? Changu kinaachana nacho wapi, kwenye mpangilio wa nyaya, udhibiti wa joto au mzunguko wa pipa? Tofauti hiyo ndiyo dai. Ila lazima iwe imeelezwa tangu maombi ya kwanza, kwa sababu marekebisho hayaongezi jambo jipya. Ndiyo maana nawasihi: mwanzoni elezeni kila kitu, hata kile mnachokiona kidogo.

Sheria yetu ya Hataza ya mwaka 1987 inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi (yaani usiwe jambo la wazi kwa fundi wa fani hiyo) na uweze kutumika viwandani. Kilichokwama kikiwa ni hatua ya uvumbuzi pekee, sheria hiyohiyo ina hati nyingine, nyepesi, isiyodai sharti hilo.

Morse alitoka mahakamani na madai saba, na mshindani wake alionekana kweli kuyavamia. Alichokosa ni pori ambalo hakuwahi kulilima. Fundi, barua ikija, kabla hujakasirika, hesabu miti yako.