Anaposema "Nimepunguza"

 

Leo tuangalie neno moja linalosikika sana nyumbani: "Nimepunguza." Baba watoto anasema amepunguza pombe. Kijana anasema amepunguza muguka. Mwingine anasema habeti sana kwenye simu siku hizi. Hapa Mtito Andei malori hupita usiku kucha, na vishawishi havikai mbali na barabara. Je mama, neno hilo ulipokeeje?

Kwanza, usimcheke wala usimwite mwongo. Mtu akiaibishwa leo, kesho atakuficha. Hata daktari huanza kwa kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 kuhusu pombe, yanayoitwa AUDIT. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 6 zilizoshiriki utafiti wa kuyatunga katika miaka ya 1980. Maswali hayo hayaulizi, "Umepunguza?" Yanauliza: Unakunywa mara ngapi? Siku ukinywa, unakunywa kiasi gani?

Unaona tofauti, mama? "Nimepunguza" haina hesabu. Wala si lazima awe anadanganya. Wewe mwenyewe, ukiulizwa ulipika nini Jumanne ya wiki mbili zilizopita, utakumbuka?

Kwa hiyo, pili, mpe njia ya kuhesabu. Kalenda ya ukutani inatosha. Kila jioni aandike mwenyewe, si wewe: chupa ngapi, vikombe vingapi vya kaluvu, muguka wa shilingi ngapi, pesa ngapi za kubeti. Siku asipotumia, aweke alama ya vema. Kwa kubeti, jumbe za M-Pesa hukumbuka kila shilingi. Usiipekue simu yake akiwa amelala. Mwombe mzisome pamoja. Baada ya wiki 4, tazameni: alama za vema zinaongezeka? Karo na unga vimepata nafasi?

Tatu, angalia kama jambo moja limepungua na jingine limepanda. Kuna anayeacha chupa akaongeza muguka na sigara. Kuna anayekaa nyumbani jioni, nawe ukafurahi, kumbe anabeti mpaka usiku wa manane. Ndiyo maana kalenda iwe na yote.

Nne, na hili ni la hatari: aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake. Usimfungie chumbani "mpaka pombe imtoke." Kuanzia saa chache hadi siku 3 hivi baada ya kuacha, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika, kupata degedege, kuchanganyikiwa au kuona vitu visivyokuwepo. Huko si kurogwa. Anaweza kufa. Akianza kuona vitu au kupata degedege, mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Ni vizuri zaidi amwone mhudumu wa afya kabla ya kuacha, apangiwe njia salama.

Na akiteleza je? Aandike siku hiyo pia. Kuteleza siku moja hakufuti siku 20 alizoshinda. Mwulize, "Siku ile kulikuwa na nini?" Huenda ni siku ya malipo, au ugomvi, au rafiki fulani. Hapo mtajua pa kujihadhari.

Nawe mama, kama ni wewe unayepambana na chupa kwa siri, kalenda hiyo ni yako pia. Huna haja ya kumwonyesha jirani. Unaweza kupiga simu bila malipo kwa NACADA, nambari 1192, uzungumze na mshauri. Lakini ikiwa kuna kupigwa nyumbani, usalama wako na wa watoto uje kwanza, kalenda ingoje.

Kumbuka:
- Sikiliza bila kuaibisha.
- Uliza mara ngapi na kiasi gani.
- Mwache aandike mwenyewe.
- Mlevi wa kila siku asiache ghafla bila msaada wa hospitali.