Jina Zuri la Shule



Ukipita Mtaa wa Lumumba, hatua chache tu kutoka Kariakoo, uko palipoanzia chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam. Oktoba 1961 wanafunzi wachache wa sheria walisomea kwenye jengo la chama cha TANU. Chuo kikahamia Mlimani, lakini miaka mitano baada ya kuanza, wanafunzi walirudi mjini, safari hii na mabango.

Ilikuwa Jumamosi, 22 Oktoba 1966. Waliingia Ikulu na majoho yao kupinga Jeshi la Kujenga Taifa: miaka miwili ya kutumikia, na miezi 18 kati yake kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mbona wakubwa hawajinyimi, wakauliza. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akajikatia mshahara wake kwa asilimia 20. Kisha akawafukuza, karibu 400. Hoja yao ikapokelewa, wenyewe wakarudishwa kwao. Wengi walirejea masomoni mwaka uliofuata, na mmoja wa waliotimuliwa, Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Leo mwanafunzi hahitaji mabango, simu inamtosha. Tuseme binti wa kidato cha tatu, Jumapili, hana sare, amekaa kwenye duka la mjomba wake Mtaa wa Kongo. Anajirekodi kwa simu: maharage ya shule yana wadudu. Jumatatu anaitwa ofisini.

Kanuni za elimu za 2002 zinaruhusu kumfukuza mwanafunzi ambaye utovu wake wa nidhamu, wa makusudi na wa kurudiarudia, unahatarisha nidhamu au jina zuri la shule. Jina zuri! Neno pana kama kanga. Unaweza kufunika nalo chochote, hata sufuria la maharage. Na Ibara ya 18 ya Katiba, inayompa kila mtu uhuru wa maoni, haikumbagua mwanafunzi.

Sitetei matusi, wala anayemdhalilisha mwenzake mtandaoni. Huyo aitwe, tena na mzazi wake. Hata Marekani, mwaka 2021, Mahakama ya Juu ilimpa ushindi msichana aliyeadhibiwa kwa maneno machafu aliyoyaandika akiwa nje ya shule, lakini haikuzifunga mikono shule dhidi ya uonevu na vitisho.

Ila maharage si matusi. Mwalimu mkuu, kabla hujaandika barua ya kumsimamisha binti huyo, tafadhali pitia kwanza jikoni.