Marufuku ya Tumbaku Vyuoni California

Tangu tarehe 1 Januari 2014 Chuo Kikuu cha California, ambacho ni cha umma na chenye kampasi 10, kimeharimisha tumbaku katika viwanja vyake vyote, hata sigara za umeme, ingawa utekelezaji wa amri hiyo ulitegemea zaidi elimu na nasaha kuliko adhabu. Nasaha ni jambo jema, walakini haimhifadhi mwanafunzi mwenye pumu ambaye, kila aendapo maktaba, hulazimika kupita katikati ya moshi wa watu waliokwisha kunasihiwa. Kwa hiyo naona ni wajibu itozwe faini ya kiasi, itanguliwe na onyo, na mapato yake yagharimie tiba ya wavutaji, kwani nikotini humtawala hata mtu aliyeazimia kwa dhati kuiacha.